Kwa Miguu Hadi Kipungani, Kusi Ikivuma

Lamu inayojulikana na wengi ni Lamu ya kaskazi. Kuanzia Desemba mpaka Machi bahari huwa shwari, wageni hujaa kijiji cha Shela, na picha nyingi unazoziona mitandaoni zimepigwa miezi hiyo. Lamu ninayotaka kuiandika mimi ni ile ya kusi, upepo mkali wa kutoka kusini. Ni miezi ya kufunga madirisha kwa kamba, miezi ya nguo kuanikwa darini kwa fundo maana vibanio havitoshi, na manahodha kukaa barazani asubuhi nzima wakiangalia mawimbi kule kwenye mlango wa bahari huku wakiahirisha safari. Baadhi ya hoteli hufunga. Vijana wa mashua za wageni hukosa kazi. Wapita njia husema mji umelala.

Mji haujalala. Ndio wakati wenyewe wa wenyeji kuonana. Kaskazi mmoja wetu anawapikia wageni, mwingine anashona mpaka usiku, mwingine ana duka lisilomruhusu hata kwenda arusini. Kusi ikishika, kazi hupungua na mashoga hutafutana. Sisi ni wanawake sita tuliosoma chuo kimoja cha Kurani utotoni, na mara tunapopata nafasi tunatembea. Safari tunayoipenda kuliko zote ni ya kutoka Shela mpaka kijiji cha Kipungani kwa kufuata ufuo, kiasi cha kilomita 12 za mchanga mtupu, mkono wa kushoto bahari, mkono wa kulia vilima vya mchanga.

Safari hii ninayoisimulia ilikuwa na sababu yake. Mmoja wetu, fundi wa cherehani, alikuwa ametoka eda ya mumewe. Miezi minne na siku kumi alikuwa ndani, sisi ndio tunaokwenda kwake, na kila tukienda tunamkuta amepungua. Siku alipomaliza, hakuuliza habari ya arusi wala ya sokoni. Aliuliza, "Kusi imeshika?" Tukamwambia imeshika sana. Akasema basi twendeni.

Safari ya namna hii haipangwi kwa saa ya ukutani, hupangwa kwa maji. Mshauri wetu ni Ami, mdogo wake marehemu baba, nahodha aliyekwisha acha safari ndefu lakini bado ana mashua yake ya mashine. Alikaa juu ya jiwe la baraza akatuhesabia kwa vidole. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa kwetu maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kati ya hapo na hapo maji hupanda mita tatu hivi. Basi mtu akitoka Shela saa mbili, maji bado yanakwenda, atapata mchanga mgumu wa kutembelea njia nzima. Akifika Kipungani adhuhuri, atapumzika, atasali, na alasiri maji yakishajaa ndani ya mkondo wa nyuma ya kisiwa mashua itapita kumrudisha. Mkondo huo ni mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa chetu na bara, mikoko huku na huku. Maji yakitoka, unabaki tope.

Mwenzetu aliye mwalimu akauliza kwa nini tusianzie Kipungani, ili upepo utusukume badala ya kutupiga usoni. Swali la haki. Ufuo ule unakwenda kusini-magharibi, na kusi inatoka baharini upande uleule, kwa hiyo anayetoka Shela anaipokea kwa uso na bega la kushoto njia nzima.

"Mwanangu," Ami akamjibu, "mkitaka kuanzia Kipungani siku ya bamvua, mkondo wa nyuma una maji alfajiri. Mtatoka saa kumi usiku. Mko tayari?"

Hatukuwa tayari. Basi tukakubali kuikabili.

Njia ya kutoka mjini mpaka Shela sitaisimulia sana, kila aliyewahi kufika Lamu ameipita. Ni kilomita tatu hivi kando ya bahari, punda wamebeba mawe ya matumbawe, mashua zimefungwa. Mkondo kati yetu na kisiwa cha Manda ulikuwa umetulia kiasi, kwa sababu Manda inaukinga. Shela nayo, na msikiti wake wa Ijumaa wa mwaka 1829 wenye mnara mweupe uliochongoka juu, ilikuwa kimya. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu aliyekuja kubeba mkoba wa chakula, alikuwa akitembea mbele na shati wazi. Tukapita nyumba ya mwisho, tukakata kona.

Hapo ndipo Manda inapokuacha. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya ina mwamba wa matumbawe mbele yake unaovunja mawimbi mbali na nchi kavu. Ufuo wa Shela hauna ukuta huo. Bahari Hindi yote iko mbele yako, na kusi inakuja na chochote ilichokikusanya njiani. Mlio ulibadilika kwa hatua chache tu. Mpwa wangu akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni.

Mwanamke wa Lamu anautambua upepo kwa nguo zake kwanza. Buibui likishika upepo linakuvuta kama tanga, na usipolikunja utakwenda linakotaka lenyewe. Kila mmoja wetu ana namna yake. Muuguzi hulifunga pembe mbili kiunoni. Mwenye duka huvaa leso juu yake na kuifunga kifuani, ya pili kichwani. Mimi huinua upande wa kushoto na kuushika kwa mkono ule ule unaoelekea baharini, mkono wa kulia ukabaki huru. Ndara tulizivua zote tukazitia mkobani.

Halafu kuna maneno. Kundi letu ni la watu wanaosema, na sijawahi kukaa nao mahali nikasikia kimya cha dakika nzima. Kwenye kusi maneno hayafiki. Unasema kitu kwa aliye mbele yako, na upepo unakuchukulia sauti nyuma, inamfikia anayefuata ambaye hakuulizwa. Baada ya muda mfupi kundi linajipanga lenyewe: wawili wawili, bega kwa bega, vichwa vimekaribiana, yule wa upande wa bahari akimkinga mwenzake. Ukichoka kukinga mnabadilishana. Hakuna aliyetoa amri. Ninavyopenda mimi ni kwamba katika mpango huu huwezi kusema na watu wote kwa pamoja. Unapata mtu mmoja tu, na yeye anakupata wewe, kilomita mbili au tatu nzima. Nyumbani kwa fundi wetu, siku za eda, tulikuwa tukikaa sita sebuleni na kila neno likisikika na kila mtu. Alikuwa akijibu "Alhamdulillahi" basi. Ufuoni nilipangika naye. Alinisemea mambo ya mumewe ambayo sitayaandika, alilia kwa sauti kubwa, na hakuna aliyesikia isipokuwa mimi. Muuguzi aligeuka mara moja akatutazama, akatuachia nafasi.

Tulipokuwa tumeacha Shela nyuma kabisa, mpwa wangu alisimama akachutama. Tukadhani ameona kasa, kwa maana kasa hupanda ufuoni huku kutaga mayai. Alikuwa anatazama simbi moja ndogo, ganda la chaza lisilofika ukubwa wa kiganja. Nyuma yake, upande usiopigwa na upepo, mchanga ulikuwa umejikusanya mkia mdogo uliochongoka, umeelekea kaskazini. Akatuonyesha nyingine, na nyingine. Kila simbi, kila kijiti, kila kipande cha mwani mkavu kilikuwa na mkia wake, na mikia yote inaelekea upande mmoja. Tukichutama naye tuliona punje zenyewe zinavyokwenda. Hazipai juu angani. Nyingi zinarukaruka chini ya goti, zinagonga mchanga, zinarusha nyingine, ndiyo maana kinachouma ni vifundo vya miguu na si uso.

Mwalimu wetu anafundisha jiografia, na hapa hakuna upepo ambao ungemnyamazisha. Alituvuta sote tukaketi nyuma ya kilima cha kwanza kirefu, mahali penye hifadhi, akasema: kilima hiki tulichoegemea kilianza hivyo hivyo. Maji yakitoka, ufuo unaanikwa. Jua na upepo vinaukausha juu juu. Kusi inaokota punje zilizokauka na kuzipeleka nchi kavu mpaka zikutane na kizuizi. Kizuizi kikiwa simbi, unapata mkia wa kidole. Kikiwa ule mtambaa wa maua ya zambarau unaoota juu ya mchanga, unapata tuta la goti, na mtambaa unatambaa juu ya tuta hilo na kulikamata kwa mizizi. Mwaka hadi mwaka, kusi hadi kusi, tuta linakuwa kilima kirefu kuliko nyumba ya ghorofa, na vilima vinapangana kutoka Shela kuelekea Kipungani.

Jambo hilo nilikuwa nalijua juu juu. Lililonigusa ni alichoongeza, na ndilo lililonifanya niandike.

Ndani ya vilima vile ndimo maji ya Lamu yalimo. Kisiwa chetu hakina mto. Hakina ziwa wala chemchemi kutoka mlimani, kwa sababu hakina mlima. Kuna mvua, ambayo sehemu yake kubwa huja katika masika, Aprili mpaka Juni, Mei ikizidi. Mvua ikinyesha juu ya udongo mgumu hutiririka ikaishia baharini. Ikinyesha juu ya mchanga wa Shela haitiririki popote, inazama pale pale ilipoangukia. Inashuka mpaka inapokutana na maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, na kwa kuwa maji ya pepo ni mepesi kuliko ya chumvi, yanakaa juu yake. Visima vya Shela vinachota kutoka tabaka hilo, na maji yanapelekwa mjini kwa mabomba.

Mwalimu akachora kwa kidole. Kwa kila mita moja ambayo maji ya pepo yameinuka juu ya usawa wa bahari, alisema, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 za maji ya pepo. Hesabu hiyo inafurahisha mpaka uigeuze. Ukichota kwa pupa ukashusha yale ya juu kwa mita moja, chumvi ya chini inapanda mita 40. Na chumvi ikishaingia kisimani, haitoki kwa kuomba radhi. Itasubiri masika mengi.

Tulikaa tukatazama ng'ambo, Manda kwa mbali. Manda ina ardhi kubwa na bandari nzuri, na maji yake ni ya shida tangu jadi. Huko ndiko uliko mji wa Takwa, magofu yenye msikiti na kaburi la mnara lililoandikwa mwaka wa Hijra 1094, yaani 1681 au 1682 kwa kalenda ya Masihi. Mji ule uliinuka mwanzoni mwa karne ya 16 na ukahamwa kabla ya karne ya 18 kusonga mbele. Miongoni mwa sababu zinazotajwa na wataalamu ni maji ya visima kuingia chumvi. Masimulizi ya Shela yanasema watu wa Takwa walivuka mkondo wakaja kukaa hapa, kwenye vilima hivi. Na mpaka leo watu wa Shela huwa na ziara ya kwenda Takwa, kwenye kaburi lile, kuomba dua ya mvua. Nimeisikia habari ya ziara hiyo tangu mtoto. Nilikuwa nikiiona ni desturi ya kuwakumbuka wazee. Nikiwa nimeegemea kile kilima, nikaona kwamba wanakwenda kuomba mvua mahali penyewe palipokosa maji, wakitokea mahali penyewe panapoyaweka. Wazee wetu walijua walichokuwa wakikifanya.

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nashukuru. Kila anayekuja anapiga picha milango ya kuchonga, vidaka vya ukutani, vichochoro. Wachache wanaopiga picha birika la msalani, lile la chokaa lenye samaki wadogo wanaokula mabuu ya mbu, ingawa mimi naliona ndilo pambo la akili zaidi katika nyumba ya Lamu. Lakini maji yanayojaza birika yanatoka wapi? Hilo wageni hawalioni, na siku hizi nahofia hata sisi wenyewe tunaanza kulisahau. Kwa wengi vilima vya Shela ni mahali pa kutazamia machweo. Kwa wengine ni viwanja.

Ndiyo, viwanja. Mvutano wa ardhi ya vilima si habari mpya. Umezungumzwa sana hapa kisiwani. Tulipoinuka tukaendelea, mbele kidogo tuliona vigingi vya saruji vimechimbiwa nyuma ya tuta la kwanza, na mtambaa wa maua ya zambarau umefyekwa kuvizunguka. Mpwa wangu akauliza ni vya nini. Muuguzi akamjibu, "Vya mtu anayetaka kulala juu ya tangi letu." Nyumba ikisimama pale, kwanza inahitaji kisima chake. Pili inahitaji shimo la choo, na mchanga unaokunywa mvua kwa haraka unakunywa na najisi kwa haraka hiyo hiyo. Tatu, mtambaa ukifyekwa mchanga hauna tena wa kuushika, na kusi haitauacha pale kwa kuwa una hati. Sizungumzii jambo la kupendeza macho. Mimi nazungumzia dumu la lita 20 ambalo mama wa mtaa wa juu tayari anapandisha ngazi mara tatu kwa siku maji ya mfereji yasipofika. Vilima visijengwe. Si kidogo, si kwa ustadi, si na rafiki wa nani. Visijengwe.

Katikati ya njia chini ya mawingu mazito mvua ilitupata, ile ya kusi inayokuja ya mlalo, dakika chache na kwisha. Hakuna pa kujificha. Tulisimama tukageuza migongo, tukashikana mikono mstari mmoja, fundi wetu katikati, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimsikia akicheka. Ikapita. Mchanga mbele yetu ulikuwa umetobokatoboka vijishimo, na hakukuwa na hata kidimbwi kimoja. Maji yote yalikuwa yameshashuka. Mwalimu aliuelekeza mkono chini, akatutazama, hakuongeza neno.

Juu ya vita vya Shela sitakaa sana, ingawa mpwa wangu hakutaka kusikia kingine. Karibu na mwaka 1812, Wamazrui, watawala wa Mombasa, pamoja na watu wa kisiwa cha Pate walishuka ufuo huu kuipiga Lamu, wakashindwa vibaya. Inasimuliwa kwamba maji yalikuwa yametoka na vyombo vyao vimekwama, hawakupata pa kukimbilia. Baada yake Lamu ikaomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani, na ngome tunayoiona mjini ikamalizwa mwanzoni mwa miaka ya 1820. Wazee wa Shela husema kusi ikivuma sana ilikuwa ikifukua mifupa vilimani. Mpwa wangu alitembea kilomita nzima akitazama chini.

Nusu ya pili ya njia ndiyo ngumu. Miguu inachoka, mchanga wa juu ni laini, na ule mgumu wa kando ya maji unaanza kufunikwa maana maji yameshageuka. Upepo nao mchana huongezeka. Tulikula tukisimama, mkate wa mofa na samaki wa kukaanga aliyebaki kutoka usiku, na achari ya ndimu iliyotufanya tukunje nyuso zaidi ya upepo. Mchanga uliingia katika kila kitu. Mwenye duka alileta tende, na mchanga ukishika tende huwezi kuutoa, tukala hivyo hivyo. Hakuna aliyeingia baharini hata kwa kuosha mikono zaidi ya vifundo. Bahari ya Shela wakati wa kusi ina mvuto wa chini unaoburuta, na sitaki msomaji wangu asome uzuri wa safari hii akadhani ni mahali pa kuogelea.

Kwa mbali mawimbi yalikuwa yakivunjika kwa tabaka, moja nyuma ya jingine nyuma ya jingine, na hapakuwa na hata tanga moja.

Ncha ya Kizingo ilipoonekana upepo ulikuwa umetutoa machozi sote. Ukiizunguka, mambo yanageuka ghafla kuliko ilivyokuwa Shela. Mikoko inaanza, maji yanakuwa ya kijani na kimya, na masikio yanaendelea kuvuma yenyewe kwa muda. Ndipo tulipogundua kwamba tulikuwa tunapiga kelele. Muuguzi alikuwa akimwambia mwenzake siri moja kwa sauti ya mnadani, kijiji chote cha Kipungani kingeisikia kama kingekuwa karibu kidogo.

Kipungani wanasuka. Katika kibaraza tulichokaribishwa bibi mmoja alikuwa na ukili mrefu umeviringishwa miguuni, na vidole vyake viliendelea kupitisha chane juu na chini huku macho yake yako kwetu. Hakuutazama ukili hata mara moja. Tulimpa shikamoo, akatupa maji kwa kata, kisha akamtazama fundi wetu uso, akaona, akamuuliza, "Ni nani?" Naye akajibu, "Mume wangu, bibi." Bibi akasogea akampisha kwenye mkeka wake, akaendelea kusuka. Walikaa hivyo mpaka tuliposali adhuhuri na kula wali, na baadaye kidogo nikamwona fundi wetu ameshika chane, anafundishwa.

Ami alikuja maji yalipotosha. Katika mkondo ule wa nyuma kusi inapita juu ya vichwa vya mikoko, unaisikia bila kuihisi. Nikamwambia tuliyoyaona, simbi na mikia yake, mvua isiyoacha kidimbwi, vigingi. Alisikiliza mkono wake ukiwa kwenye usukani.

"Mayi yetu yako tini ya mtanga," akasema, yaani maji yetu yako chini ya mchanga. "Hayo twalijua tangu wadogo. Nyinyi ndio wenye kalamu."

Kisha akaingia katika lake, maana kila mtu wa Lamu ana lake juu ya kusi. Msimu huu, alisema, mvuvi mwenye chombo kidogo hawezi kutoka nje. Riziki yake iko ndani: mikondoni, mikokoni, ghuba ya Manda. Na ndani huko ndiko kulikochimbwa bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ami hazungumzi sana juu ya pesa. Anazungumza juu ya miezi. Aliyepanga mambo yale, anasema, aliyapanga akiwa na ramani ya bahari ya kaskazi, bahari iliyo wazi kila upande. Bahari ya kusi ni ndogo kuliko hiyo, na ndiyo anayokula maskini.

Nimelifikiria sana neno lake. Naona vilima na mikondo ni kesi moja. Mtu anayekuja Januari anaona ufuo mpana usio na mwenyewe na maji mengi yasiyo na kazi. Aje Julai. Atembee na sisi. Aone mchanga unavyokwenda kazini, mvua inavyozama, vyombo vidogo vinavyojibanza ndani, kisha ndipo achore ramani yake.

Mashoga zangu tayari wanaulizia safari nyingine, na fundi wetu ndiye anayesukuma. Ami amepiga hesabu. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa asubuhi mnamo saa nne, kwa hiyo mashua inaweza kupita mkondo wa nyuma bila mtu kuamka usiku. Itatushusha Kipungani, na kuanzia saa sita tutarudi Shela kwa miguu, maji yakitoka na kusi ikitusukuma mgongoni. Mwalimu anataka kuja na wanafunzi wake. Mpwa wangu amesema ataleta kamba ya kupimia na daftari, ahesabu vigingi vyote na aandike kila kimoja kiko wapi, na orodha hiyo tutaipeleka kwenye baraza la chifu. Anayetaka kuungana nasi avae nguo asiyoionea uchungu, aje na maji yake ya kunywa, na asilete mwavuli.